Kabla ya Masika: Usilaze Kirikuu na Pawatila Kama Jembe la Uvunguni



Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, nazungumzia vyombo vya moto. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameingilia kazi ya mafundi. Lakini mpunga uliokomaa ukakaukia shambani kwa kukosa chombo cha kuubeba, ukifika kinuni unavunjika, na bei ya chenga mnaijua. Hilo ni suala la kilimo, na kwa maoni yangu linaanzia mwezi wa tatu, siku ile kirikuu na pawatila vinapoingizwa ndani kusubiri mvua zipite.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Huku Bonde la Kilombero kulima na kuvuruga majaruba kunamalizika karibu na mwezi wa pili. Halafu Machi mpaka Mei mvua zinakolea, mito inapanda, njia za ndani zenye udongo mweusi hazipitiki hata kwa pikipiki. Mwenye kirikuu ya kukusanya mazao vitongojini analaza gari. Pawatila zinasubiri Juni, mavuno yakianza, zifungiwe tela na kubeba magunia. Hiyo ni miezi mitatu. Wenye pampu za kumwagilia bustani hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu wanaiweka pampu stoo mvua za kwanza zikinyesha na kuikumbuka mwezi wa saba nyanya zikianza kunyauka.

Msimamo wangu ni huu: vyombo vingi tunavyoviita vibovu havikuharibiwa na kazi. Vimeharibikia ndani, vimesimama, mwenyewe akidhani vinapumzika. Ng'ombe wa plau ukimwacha miezi mitatu na malisho ya kutosha, ananenepa. Injini hainenepi. Mafuta yake yanaoza, betri inakufa polepole, unyevu unaingia mahali ambapo joto la kazi lilikuwa linaufukuza, na panya wanahamia.

Kuna wenzetu wanaolijua hili vizuri. Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na za Ulaya ya kaskazini, watu wengi wenye gari la pili hulilaza miezi ya theluji, na kulilaza ni kazi ya siku nzima: kuosha chini, kubadilisha oili, kujaza tenki, kutoa betri, kuziba mabomba panya wasiingie. Kinachowatisha zaidi ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ambayo inakula bodi na mabomba ya breki. Sisi theluji hatuna. Chumvi tunayo.

Angalia kirikuu ya mfanyabiashara wa kawaida wa mnadani. Wiki hii imebeba dagaa, wiki ijayo magunia ya chumvi, msimu wa kupandia imebeba urea na DAP, katikati hapo imebeba samadi na kuku. Vyote hivyo vinaacha chumvichumvi kwenye bodi, na mbolea za viwandani zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Mbolea iliyomwagika kwenye kona ya bodi mwezi wa kwanza, ikakaa hapo masika nzima, inafanya kazi ya kutoboa bati usiku na mchana bila malipo. Ongeza matope yaliyoganda juu ya springi na nyuma ya ringi. Tope hilo ni kama sponji, linashika maji hata siku ambazo mvua haijanyesha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuosha, na nasema kuosha chini. Gari nyingi zinaoshwa milango na kioo ili zipendeze. Kwa kulaza, milango haina haraka. Inua zulia la miguuni, toa mchanga na punje za mahindi zilizodondoka, fagia bodi, halafu mwaga maji mengi safi chini ya chesisi, kwenye matairi kwa ndani, na kwenye kona za bodi mpaka maji yatoke meupe. Pawatila nayo hivyo hivyo: ondoa nyasi zilizojizungusha kwenye shafti ya visu, toa tope lote kwenye magurudumu ya chuma. Kisha acha chombo kikauke kabisa juani, siku nzima ikibidi. Ukiingiza ndani kinachodondosha maji, umeosha bure. Sehemu za chuma zilizopoteza rangi, kama visu na plau, zipake grisi au oili iliyotumika. Hiyo oili chafu ina kazi hapo. Usiimwage karibu na kisima.

Sasa nije kwenye hoja inayotuletea ubishi kila nikikaa kijiweni. Mzee mmoja mwenye kirikuu aliniambia: "Bwana shamba, mimi gari langu masika naliwasha kila asubuhi baada ya swala, dakika tano, halafu nazima. Halijanisumbua." Nikamuuliza: "Mzee wangu, na betri umenunua ngapi?" Akacheka. "Hii ya tatu."

Kuwasha dakika tano na kuzima ni hasara, na nitaeleza kwa nini ili asiniambie mtu kwamba ni mambo ya vitabuni. Mafuta yakiungua ndani ya injini yanatoa moshi na maji pia. Ndiyo maana asubuhi unaona matone yanadondoka kwenye bomba la moshi. Injini ikifanya kazi mpaka ikapata joto kamili, maji hayo yanatoka kama mvuke. Ukizima baada ya dakika tano, yanabaki: mengine ndani ya oili, mengine ndani ya sailensa. Na injini baridi inachoma mafuta mengi kuliko inavyohitaji, hivyo petroli kidogo inapita pembeni ya pistoni na kuchanganyika na oili. Fanya hivyo kila asubuhi kwa siku tisini, oili yako inakuwa uji. Betri nayo: stata inakula umeme mwingi kwa sekunde chache, na dakika tano za injini kuunguruma taratibu hazitoshi kuurudisha. Kila asubuhi unatoa kuliko unavyoweka.

Ukitaka kuliwasha, liendeshe. Nusu saa ya mwendo barabarani mara moja kila wiki mbili au tatu inatosha, na breki zinapata mazoezi. Kama njia haipitiki, basi liache lilale kweli, ukiwa umeliandaa. Hakuna cha katikati chenye faida.

Oili ibadilishwe siku ya kulaza. Hapa napingana na karibu kila mtu, kwa sababu desturi yetu ni kusema, "Kwa nini nilaze oili mpya, nitabadilisha nikianza kazi." Oili iliyokwisha kutumika ina masizi, maji na asidi zilizotokana na mafuta kuungua. Gari likiwa kazini asidi hizo zina joto na mzunguko. Gari likisimama, zinakaa juu ya beringi na shafti miezi mitatu. Pawatila nyingi tulizonazo zinachukua oili kama lita mbili na nusu hadi tatu (angalia kijiti chako). Badilisha injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke, weka mpya na chujio lake kama lipo, washa dakika chache oili ienee, zima. Ukianza kazi Juni oili hiyo bado ni nzuri, unaendelea nayo. Hujapoteza hata shilingi; umebadilisha tarehe tu.

Mafuta ya kuendeshea yanataka maelezo marefu, kwa sababu dizeli na petroli hazilazwi kwa njia moja.

Dizeli: tenki lijae. Tenki lenye nafasi tupu lina hewa, hewa ya masika ina unyevu, na usiku ukipoa unyevu unaganda kuwa matone kwenye kuta za tenki na kushuka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, pale mafuta yanapoanzia safari kwenda kwenye pampu. Tenki la chuma linapata kutu. Na pale maji na dizeli zinapokutana kuna vijidudu vinavyoota na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio. Fundi akifungua akakuonyesha ute, usidhani umeuziwa mafuta machafu. Huenda ute umeotea kwako. Wengine wananiambia tenki likijaa vijana watanyonya. Ni kweli, wizi upo. Tenki la pawatila si kubwa, tafuta kufuli la kifuniko au fungia banda. Tatizo la wizi linatibiwa kwa kufuli. Likitibiwa kwa kuacha tenki tupu, nozeli na pampu ya mafuta ndizo zinazolipa, na hizo ni kati ya vifaa ghali kuliko vyote kwenye injini ile.

Petroli: yenyewe inachakaa. Sehemu nyepesi zinaruka hewani, kinachobaki kinakuwa kama gundi. Ndani ya kabureta kuna vitundu vyembamba kuliko sindano ya kushonea, na gundi hiyo ikikaukia humo ndipo unapovuta kamba ya pampu mpaka bega linauma. Kwa pampu ya maji, pikipiki na kirikuu za zamani zenye kabureta, fanya hivi: funga bomba la mafuta, acha injini iendelee kuunguruma mpaka ijizime yenyewe, kisha legeza skurubu ya chini ya kabureta umwage kilichobaki. Chombo kikikaa zaidi ya miezi mitatu, kama pampu za bustani, mwaga na petroli yote ya tenkini, itumie kwenye pikipiki inayofanya kazi. Tafadhali usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Watoto hawasomi harufu, wanasoma chupa.

Kirikuu za miaka ya karibuni hazina kabureta, zinapulizia mafuta kwa umeme, na pampu yake imo ndani ya tenki ikipozwa na mafuta yenyewe. Hiyo usiizimishe kwa kuikausha, utaunguza pampu. Yenyewe iache na mafuta. Kuijaza tenki lote ni pesa nyingi kufungiwa ndani miezi mitatu, na simwambii mfanyabiashara mdogo afungie mtaji wake. Nusu tenki kwenda juu inatosha kwa kipindi hicho.

Kwa injini ndogo ya petroli kuna hatua moja zaidi ambayo watu wanaipuuza. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye tundu, vuta kamba taratibu mara mbili tatu ili oili ipake kuta za silinda, rudisha plagi. Kwa pawatila ya dizeli ya silinda moja, zungusha mpini taratibu mpaka uhisi mkono unakataa, unakutana na mgandamizo. Iache hapo. Ukiona hivyo valvu zote mbili zimefunga, hewa yenye unyevu haipati njia ya kuingia kwenye silinda. Haigharimu kitu, ni nusu dakika.

Maji ya kupoozea injini, kama ni ya kisima tu, yamwage yote. Ndani ya rejeta yanakula kutu. Wasomaji wetu wa Makete na Njombe wana sababu nyingine: asubuhi za Juni na Julai huko sakitu inaanguka, na maji yakiganda yanatanuka, yanaweza kupasua chuma cha injini. Wao hili la baridi linawahusu kama linavyowahusu wale wa Kanada. Ukimwaga, ning'iniza kibao kwenye mpini kimeandikwa HAINA MAJI. Atakayeiwasha Juni anaweza asiwe wewe.

Betri. Toa kwenye chombo. Anza kufungua waya wa hasi, halafu chanya; siku ya kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Futa vichwa vyake, paka grisi kidogo. Angalia maji kwenye kila chumba. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Usiongeze asidi, na usiongeze maji ya kisima wala ya chupa ya dukani, yana chumvi. Kisha chaji ijae.

Betri inapungua yenyewe hata ikiwa peke yake mezani, na kwenye joto letu inapungua haraka kuliko kwenye nchi za baridi. Ikikaa muda mrefu bila kujaa, sahani zake zinafanya ukoko mgumu mweupe, na ukoko huo ukikomaa hakuna chaji itakayouondoa. Kwa hiyo irudishe kwenye chaji mara moja kila mwezi. Fundi wa simu mwenye mita ndogo anaweza kukupimia: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika masaa kadhaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4 ipeleke chaji, na ikifika 12 umechelewa. Wenye sola nyumbani wanaweza kuichaji kwa paneli, lakini ipitie kwenye kidhibiti cha chaji, isifungwe moja kwa moja. Na usichaji chumbani mnamolala au karibu na kibatari na jiko. Betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Wapo wanaoamini betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inaishiwa nguvu. Imani hiyo ilitoka enzi za betri zenye maboksi ya zamani yaliyopitisha unyevu. Za sasa ni plastiki, sakafu haizidhuru. Iweke tu juu, mbali na watoto na mbuzi.

Sasa panya. Hapa nitasema ukweli ambao wengine hawataupenda: banda la chombo lisiwe ghala la mahindi. Najua nyumba zetu ni chache na kila mtu ana stoo moja. Lakini panya anayekuja kwa mahindi haondoki bila kuonja waya. Anatafuna nyaya, anatengeneza kiota kwenye chujio la hewa, anatoboa mpira wa kunyonyea maji wa pampu. Nimeona pawatila iliyopelekwa kwa fundi kwa kukosa nguvu, kumbe chujio limejaa pumba na vitoto vya panya. Ziba bomba la moshi na mdomo wa chujio la hewa kwa kitambaa kikavu, na kitambaa kiwe chekundu, chenye mkia unaoning'inia nje, ili siku ya kuwasha kisisahaulike. Nyigu nao wanapenda kujenga kwenye matundu madogo, pamoja na kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko cha tenki. Funga mfuko mdogo wa kitambaa juu yake. Sumu ya panya mimi sipendi kuishauri pale penye kuku wanaozurura. Mtego na paka vinatosha kama hakuna chakula cha kuwaita.

Kuhusu kufunika: turubai la nailoni lililobanwa mpaka chini ni kosa. Usiku unyevu wa ardhini unapanda, unakwama chini ya turubai, unadondokea chombo asubuhi. Ukiinua utakuta ndani pamelowa kuliko nje. Paa la bati au la nyasi, pande zikiwa wazi hewa ipite, linashinda turubai zuri. Kama huna banda na lazima utumie turubai, lijengee miti liwe kama kibanda, lisiguse chombo, na pembeni liinuliwe. Ardhi iwe imeinuka, imewekewa changarawe au mbao, maana sote tunajua maji ya Aprili yanafika wapi. Na tusilaze gari chini ya mwembe wala mnazi.

Mengine nipite haraka. Hendibreki isivutwe, kwa sababu viatu vya breki vinashikana na ngoma kwa kutu; weka gia na kabari za mbao kwenye matairi. Jaza upepo mpaka kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Ukiweza inua ekseli kwa magogo imara, tofali za udongo zisitumike, zinalainika. Mikanda ya pawatila ilegezwe. Paka grisi kila chuchu ya grisi. Wenye gari, tazameni tarehe ya bima, isije ikaisha gari likiwa ndani ukaingia nalo barabarani Juni bila kujua. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo angalau gari likisimama halikusanyi deni hilo kama zamani.

Yote niliyoeleza hayahitaji digrii wala fundi wa mjini. Basi kwa nini hayafanyiki? Kwenye vyombo vya mtu binafsi sababu ni desturi. Kwenye vyombo vya kikundi sababu ni nyingine, na hii ndiyo inayoniuma. Tangu Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009 pawatila zimeingia vijijini kwa wingi. Waulizeni wazee wa kitongoji zile za mwanzo ziko wapi. Nyingine utaoneshwa tela tu, limekuwa banda la kuku. Katika makabidhiano niliyohudhuria kuna ngoma, kuna picha, kuna kijana anayefundishwa kuendesha. Namna ya kulaza chombo haipewi hata nusu saa. Na siku hizi vikundi vingi vinanunua kwa ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Lakini marejesho yana tarehe, na tarehe haijali kwamba pawatila haikuwaka.

Najua kikundi kimoja cha akina mama ambacho pawatila yao ilimaliza kazi nzuri mwezi wa pili, wakagawana mapato, wakaifunika turubai nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Juni ikagoma: betri imekufa, dizeli ina maji, nozeli imeziba. Fundi alipatikana baada ya wiki mbili kwa sababu mafundi wote Juni wana foleni. Wiki hizo mbili wenye mpunga wakamwita mtu mwingine, na wateja wakishahama hawarudi msimu uleule. Marejesho ya Julai akina mama wale walitoa mifukoni mwao. Mmoja aliuza mbuzi wawili aliokuwa amewatenga kwa ajili ya sare na madaftari ya mwanawe. Chombo hakikuwa na kosa lolote la kiwandani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vikundi ni wa fedha kabla ya kuwa wa spana. Kabla ya kugawana mapato ya mwezi wa pili, toeni kwanza pesa ya kulaza: oili, chujio, grisi, dizeli ya kujaza tenki, chaji ya betri mara tatu. Atakayesema ni nyingi, apige hesabu hii kwa bei za kijijini kwake: bei ya kubeba gunia moja, mara magunia ya tela moja, mara safari za siku, mara siku kumi na nne. Alinganishe. Halafu mteueni mtu mmoja kwa jina, aandikwe kwenye muhtasari, alipwe kitu kidogo, awe na ufunguo wa banda na daftari la kuandika tarehe za chaji. Kazi ya watu kumi na tano haina wa kuulizwa. Wanaopinga wananiambia kumlipa mtu kwa kulinda chombo kilicholala ni anasa. Mbona mlinzi wa ndege shambani mnamlipa?

Siku ya kutoa chombo, usikimbilie stata. Toa vitambaa vyekundu kwanza. Rudisha maji, kaza mikanda, angalia oili kwenye kijiti. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa kuna maji ndani, usiwashe. Kwa dizeli, fungua skurubu ya chini ya tenki au ya chujio la maji, acha maji na uchafu utoke mpaka ije dizeli safi, kisha toa hewa kwenye bomba la mafuta. Zungusha injini kwa mkono mara kadhaa bila kuiwasha ili oili ipande. Ndipo uwashe, na uiache iunguruma taratibu ukisikiliza. Breki zijaribiwe uwanjani, kabla ya kupakia abiria na magunia. Fanya zoezi hili katikati ya Mei. Kama kuna tatizo, fundi bado hana foleni.

Wenye pampu za petroli, ninyi msisubiri mwezi wa tatu. Zenu zimekaa tangu Desemba, na nina uhakika nusu yenu hamjamwaga kabureta. Nendeni stoo leo jioni.